Maneno Tuliyoyapata Katika Nyimbo za Mapenzi

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi tuliorudi kutoka Italia, wengi wetu hatukupita kwenye masomo ya lugha. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa rediyo ya jikoni, kule tulikokuwa tunaosha vyombo. Ilikuwa inapiga nyimbo za zamani za mapenzi, na nyimbo hizo zinamufaa mwanafunzi: nyingi zinaenda polepole, na maneno mengi ya Kiitaliano yanaishia na a, e, i, o, sawa na ya kwetu. Sikio linashika upesi.

Mufano: mwaka 1964 Gigliola Cinquetti, binti wa miaka 16, alishinda Sanremo na Eurovision na wimbo "Non ho l'età". Non ho ni "sina"; ile h haisomwi. Yeye alisema hajafikia umri wa kupenda. Sisi tukachukua non ho yake, tukaweka ya kwetu: non ho lavoro, sina kazi, non ho casa, sina nyumba.

"Senza fine" ya Gino Paoli, ni kusema "bila mwisho", ikatupa senza. Mapenzi bila mwisho, sawa. Lakini tulipofika kwenye biro tukasikia senza documenti, senza contratto. Neno ni lile lile, lakini utamu umeisha.

Halafu "Quando quando quando" ya Tony Renis, ya 1962: "lini, lini, lini". Mwanaume anabembeleza mpenzi wake amwambie siku. Mmoja wetu alikuwa hajalipwa miezi miwili. Akamufuata patroni, akamuuliza: "Quando?" Patroni akaanza kuuimba ule wimbo. Watu wote wakacheka. Ndugu yetu naye akacheka, kwa sababu hakuwa na neno lingine la kuongeza. Ile feza hajaiona mpaka leo.

Maneno aliyoyahitaji siku ile hatukuyasikia katika rediyo: busta paga, karatasi ya mushahara, contratto, mkataba, sindacato, chama cha wafanyakazi, per iscritto, kwa maandishi.

Hatusemi muache nyimbo. Zilitufungua sikio, na usiku zilituondolea upweke. Tunasema tu: wimbo peke yake hautoshi. Kuna vijana wetu wanaojitayarisha kwenda, na kuna jamaa waliobaki kule wanaotupigia simu. Basi kwenye mkutano ujao kila mmoja alete wimbo mmoja anaoukumbuka, na karatasi moja aliyorudi nayo, hata kama imechakaa. Tutaimba kwanza, kisha tutasoma ile karatasi neno kwa neno.

Na yule kijana akifika kule, asiishie kwenye quando. Aseme yote: "Quando mi paga?" Utanilipa lini? Na jibu aliombe per iscritto.