Masika na Shule Yetu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za majira ya masika katika shule ndogo ya Kikristo iliyo baina ya Handeni na Korogwe, ambamo sisi twafundisha, na habari za watu wa kijiji wanaoishi karibu nayo. Mambo ya masika ni mengi, lakini tunalotaka kulisema hasa ni moja: ya kuwa shule ya mashambani hupimwa wakati wa mvua, na kipimo chake cha kwanza ni kama watoto wamekula.

Ninyi mnaokaa mbali labda hamwijui nchi hii, basi tuwaeleze kidogo. Mji wa Korogwe uko kando ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, chini ya milima ya Usambara. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Kutoka Korogwe kwenda Handeni ni safari ya kilometa zipatazo 65, na kadiri msafiri anavyoendelea, nchi huzidi kuwa kavu. Korogwe ina mito iteremkayo milimani. Handeni yategemea mawingu. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka: vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba, na masika, kuanzia Machi hata Mei. Masika ikikosekana, hakuna mahindi. Na mahindi yakikosekana, hakuna la kuzungumza.

Wazee wa Uzigua wanalijua jambo hili kupita sisi. Mwaka 1894 nzige waliila mimea ya nchi hizi, na kabla watu hawajasahau, ikaja njaa nyingine kubwa mwishoni mwa karne ile. Watu wengi walihama makwao kutafuta chakula. Ndiyo maana hata leo mzee wa Handeni akiulizwa habari za asubuhi mwezi wa Machi, hutazama kwanza juu, ndipo ajibu.

Katika Ulaya sikukuu ya Pasaka huja wakati baridi inapokwisha na miti inapochipua, nao wenzetu wa huko huifikiri pamoja na maua. Kwetu ni vingine. Kwa hesabu ya makanisa ya magharibi, Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Kwa hiyo sisi huiadhimisha daima ndani ya masika, miguu ikiwa na matope na majembe yakiwa yameegemezwa ukutani mwa kanisa. Wanafunzi wetu hawahitaji kuelezwa sana mfano wa mbegu ifukiwayo ardhini. Wameifukia wenyewe Jumamosi iliyotangulia.

Sasa tazameni shida yenyewe. Masika ndiyo majira ya kazi nyingi kuliko yote, nayo ndiyo majira ya ghala tupu. Mahindi ya mavuno yaliyopita yanakaribia kwisha, na mapya bado yako kondeni, mabichi. Baba analima, mama anapalilia, na mbegu zikishaota huja ngedere, nyani na nguruwe mwitu. Nani atalinda shamba? Mtoto ndiye apelekwaye. Tena mara nyingi ni mtoto wa kike, kwa kuwa huyo huweza kulinda na kumlea mdogo wake kwa wakati mmoja. Basi kengele ya shule hupigwa, na benchi la nyuma hubaki wazi.

Wanafunzi, chukueni kalamu, tufanye hesabu. Mwaka wa masomo katika shule zetu una siku 194. Mtoto akikosa siku mbili kila juma kwa majuma 12 ya masika, amekosa siku 24. Gawanyeni kwa siku tano za juma la shule: ni karibu majuma matano kamili. Mtoto huyo hakufukuzwa na mtu, wala hakuugua. Amepoteza mwezi mzima na zaidi wa masomo kwa kufukuza ngedere. Naye atakapofika darasa la saba ataulizwa maswali yale yale anayoulizwa mwenzake ambaye hakukosa hata siku moja.

Walimu tulipoliona jambo hili tuliwaita wazazi, nao wakaja, wakaketi chini ya mwembe. Mkutano haukuwa wa maneno matamu. Mzee mmoja alisimama akasema, "Walimu, twawaheshimu. Lakini shule za Serikali hazitozi ada. Hapa kwenu twalipa ada, ijapokuwa ni ndogo. Leo mwataka na mahindi ya uji. Mahindi hayo nitayatoa wapi mwezi wa Aprili, nami mwenyewe nanunua kwa kibaba?"

Neno lile lilikuwa la haki, na hakuna aliyelicheka. Ndipo mama mmoja, mjane, akajibu kwa upole, "Mzee wangu, umesema kweli. Lakini mjukuu wako akija shuleni bila kula, saa nne amekwisha kulala juu ya daftari. Akibaki shambani, atachoma hata muhindi mchanga akatia kitu tumboni. Mtoto si mjinga. Huenda palipo na chakula. Kama twamtaka aje hapa, chakula kiwe hapa."

Basi tukafanya hesabu nyingine, mbele ya wote, kwa kijiti mchangani. Shule ina watoto 120. Mtoto mmoja apata bakuli lake la uji kwa gramu 100 za unga wa dona, yaani unga usiokobolewa. Kwa siku moja ni kilo 12. Kwa juma la siku tano ni kilo 60. Kwa majuma 12 ni kilo 720, yaani magunia saba ya kilo mia na kidogo juu yake. Wengi waliposikia magunia saba waliguna. Lakini kilo 720 zikigawanywa kwa watoto 120, kila mmoja aleta kilo sita tu. Debe moja la mahindi lapata kilo 17 hivi. Kilo sita ni kama theluthi ya debe, kwa masika nzima.

Yule mzee aliinama akaitazama ile hesabu, kisha akauliza swali lililokuwa ufunguo wa mambo yote: "Theluthi ya debe naiweza. Lakini kwa nini mwaiomba Aprili? Mbona hamkuiomba Agosti?"

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo shauri lilipopatikana. Kilo sita mwezi wa Aprili huondoka katika kinywa cha mtu. Kilo sita mwezi wa Agosti, mavuno yakiwa bado uani, hazionekani zilipotoka. Tukapatana kwamba kila mzazi alete kipimo chake baada ya mavuno, nacho kiwekwe katika ghala la shule mpaka mvua za Machi. Asiye na mahindi alete kuni, au asaidie siku kadhaa katika shamba la shule. Na habari za kulinda mashamba, majirani wakapatana kulinda kwa zamu, watu wazima asubuhi, ili watoto wawe darasani mpaka saa nane.

Kuweka nafaka miezi saba ni kazi yenye adui wake. Adui huyo ni dumuzi, mdudu mdogo aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana katika nchi yetu kwanza upande wa Tabora, yapata mwaka 1980. Dumuzi akiachwa katika ghala, punje hugeuka vumbi. Kwa hiyo mahindi ya shule huanikwa juani mpaka yakauke barabara, hata punje ikiumwa kwa meno ilie. Kisha hupukuchuliwa, hupepetwa, hutiwa katika mapipa yenye vifuniko vya kukaza, hewa isipite. Mdudu akikosa hewa hufa. Wanafunzi wakubwa ndio wafanyao kazi hii pamoja na mwalimu wao, nao hujifunza humo sayansi ambayo haitawatoka.

Tena shule ina shamba lake la ekari moja. Jambo hili si geni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika habari za elimu ya kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba, na watoto wasitengwe na kazi za wazazi wao. Mahali pengine fikira hiyo iliharibika, watoto wakafanywa vibarua. Sisi tumeweka kanuni: kazi ya shamba ni saa moja, mara mbili kwa juma, na mavuno yake huliwa na watoto wenyewe. Robo ya shamba hupandwa muhogo, maana muhogo huvumilia jua mvua ikikatika. Wazee waliookoka katika miaka ya njaa hawawezi kuudharau muhogo.

Tusisahau jambo moja la ujirani. Shule yetu ni ya Kikristo, lakini watoto wengi ni wa nyumba za Kiislamu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Handeni. Miaka hii mwezi wa Ramadhani umekutana na Kwaresima. Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili, nayo Idi ikafuata majuma mawili tu baadaye. Watu wengine waliuliza, "Uji utapikwaje, na wakubwa wamefunga?" Kina mama walitatua neno lile kabla walimu hawajaketi kulifikiri. Wadogo walipikiwa kama kawaida, nyuma ya jiko, mbali na macho ya wenye kufunga. Nao waliofunga walipimiwa unga wao kila Ijumaa, wakaupeleka nyumbani kuwa uji wa futari. Siku ya Pasaka majirani Waislamu walituletea kuni na ndizi. Siku ya Idi wanakwaya wetu walikwenda kuwasaidia kuteka maji. Hakuna aliyeiacha dini yake, wala hakuna aliyekosa chakula.

Masika ina hatari zake pia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilivunja barabara na madaraja mahali pengi katika Tanzania, na hata katika miaka ya kawaida kijito kidogo huweza kugeuka mto kwa saa moja. Kanuni yetu ni hii: mtoto asivuke maji yanayokwenda kwa nguvu, hata kama yamfika magotini tu, wala asivuke peke yake. Kengele ya shule yaweza kungoja.

Tena kuna mbu. Maji yakituama, mbu huzaliana, na homa ya malaria huingia nyumbani. Katika jambo hili watu wa Korogwe wana heshima ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 2009 Korogwe ilikuwa mojawapo ya mahali 11 katika nchi saba za Afrika palipojaribiwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika mahali pote hapo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa Afrika. Kwa hiyo mama wa Korogwe aliyembeba mtoto wake mgongoni kwenda kliniki katika matope amewasaidia akina mama wa nchi asizozijua. Lakini chanjo haifukuzi mbu. Chandarua na kufukia madimbwi vingali kazi yetu sote.

Mwaweza kuuliza, je, uji umefanya nini? Haukufanya miujiza. Wako watoto ambao bado hubakizwa shambani, na mwaka wa ukame ghala letu hupungua kama maghala mengine. Lakini benchi la nyuma sasa lina watu siku nyingi za mvua. Wasichana waliokuwa wakija Jumatatu na Alhamisi tu sasa huja juma zima. Na yule mzee aliyebishana nasi chini ya mwembe ndiye ashikaye ufunguo wa ghala, kwa kuwa wazazi walisema mtu aliyeuliza swali gumu ndiye afaaye kulinda mali ya wote.

Basi, ndugu zetu, tunawaachieni maneno machache. Ninyi wazazi, kama mwataka kuwasaidia watoto wenu wakati wa masika, anzeni Agosti. Pimeni theluthi ya debe wakati ghala limejaa, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Ninyi walimu, msiite mkutano kabla hamjafanya hesabu, wala msiogope kuulizwa. Nanyi wanafunzi, mnapokunywa uji ule asubuhi ya mvua, kumbukeni ya kuwa una kazi ya watu wengi ndani yake: aliyelima, aliyeanika, aliyetwanga, aliyeleta kuni, na aliyekaa kondeni akifukuza ngedere ili ninyi mpate kusoma. Someni, basi, kama watu wenye deni.

Twawatakia masika njema na mavuno mema. Kwaherini.