Muunge Mkono Mteule Kama Uliyekula Kiapo

UZI. Hii ni hotuba niliyotoa juzi kwenye mdahalo wa wanafunzi wa sayansi ya siasa. Hoja: "Tumuunge mkono mteule wa Wizara ya Barabara na Uchukuzi." Mteule tuliyepewa ni wa kubuni: mhandisi wa barabara, miaka mingi kazini, hajawahi kugombea kiti chochote. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama hapa, kwa hivyo msianze kutafuta.

1/ Mwenyekiti, wenzangu, hamjambo. Nimesimama upande wa kuunga mkono, lakini kwanza nitoe njiani sababu mbili mbovu. Ya kwanza: "Ni mtoto wetu." Jamani, shimo la barabarani halijui ukoo wa mtu. Ya pili: "Rais ameshamteua, basi yaishe." Haijaisha. Kifungu cha 152 cha Katiba kinataka Bunge la Taifa limwidhinishe kwanza. Kwa sasa huyu ni mtu anayeomba kazi.

2/ Sasa sikizeni jambo ambalo wengi hatulijui. Sheria ya 2011 kuhusu kuidhinishwa kwa wateule inamruhusu mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba mteule hafai aupeleke kwa Karani wa Bunge, kwa maandishi na chini ya kiapo, kabla ya siku ya kupigwa msasa. Yaani anayepinga anaapa. Na sisi tunaounga mkono? Tunavaa tishati, tunapiga vuvuzela, tunapandisha hashtegi. Hakuna anayetuuliza ushahidi. Leo nataka niunge mkono kama mtu aliyekula kiapo.

3/ Basi naapa hivi. Huyu anaijua kazi. Wizara hii inasimamia barabara kuu, za mijini na za mashambani, reli, bandari, viwanja vya ndege, na NTSA juu yake. Mkandarasi akileta bili, mhandisi ataisoma kabla ya kutia saini. Wapinzani wangu watasema hajui siasa, wabunge watamla mzima. Hoja nzuri, siidharau. Lakini Katiba yenyewe inakataza waziri kuwa mbunge. Na kwa sababu hajapigiwa kura na yeyote, msasa ndio nafasi yetu ya kumuuliza kabla hajapewa bendera ya gari.

4/ Kwa kiapo hicho hicho, niseme ninachoogopa. Mhandisi anapenda barabara. Huenda asimwone anayeivuka. Nikiwa mwaka wa kwanza tulimzika mwenzetu wa darasa. Barabara ilikuwa mpya, lami nyororo, leni nne. Stegi ya matatu upande huu, hosteli upande ule, kivuko hakuna. Kwenye karatasi mradi ulikuwa umekamilika. Nchi hii inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka, na watembea kwa miguu huwa ndio kundi kubwa zaidi.

5/ Kwa hivyo namuunga mkono, na nataka kamati imuulize maswali matatu. Ajibu kwa tarehe, tumeshiba ahadi.

Moja: ni barabara zipi kubwa hazina vivuko, na cha kwanza kitajengwa lini?

Mbili: Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita ya mafuta. Hata anayepanda boda analipa. Tutajuaje pesa hizo zimeziba mashimo gani?

Tatu: SGR ilianza kubeba abiria 2017, sehemu ya mikataba ya mkopo wake tuliiona 2022. Mkopo ujao, tutausoma kabla ya saini au baada?

6/ Kuna mmoja aliniuliza hapo mlangoni, "Bana, wewe unamuunga mkono ama unamshtaki?" Jibu langu ni hili. Mteule ambaye wafuasi wake hawamuulizi kitu huingia ofisini bila deni kwao. Deni lake lote liko kwa aliyemteua. Ndiyo, mbunge akiungwa mkono na robo ya wabunge wote anaweza kuleta hoja ya kumwondoa waziri. Lakini hiyo ni dawa ya ugonjwa uliokwisha ingia. Mwenzetu hangengoja hoja ya bunge. Alihitaji kivuko asubuhi ile.

Mwenyekiti, naunga mkono, kwa masharti niliyoyataja. Asanteni.

7/ Tulishinda kwa kura chache, na aliyenipinga vikali zaidi ndiye aliyeninunulia chai baadaye. Sasa ni zamu yenu. Ungekuwa kwenye kamati hiyo, ungemuuliza mteule nini? Swali moja tu, bila matusi. Nitayasoma yote.