Watoto wa Madarasa Mawili Katika Mwaka Mmoja



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo moja la shule zetu. Si jambo lililokwisha kupita, bali ni jambo linalokuja, na mwaka wake twaujua. Mgeni akija usiku bila kupiga hodi, mwenye nyumba hana lawama akikosa chakula cha kumpa. Lakini mgeni aliyetuma habari miaka kabla ya kufika, naye akakuta hapana hata kigoda cha kukalia, aibu ni ya nani? Ndiyo maana tumeona yafaa kusema mapema. Maneno haya ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana taratibu zao wenyewe.

Twaanza na hesabu. Mwezi wa Januari 2024 mitaala mipya ilianza kufundishwa katika darasa la kwanza na darasa la tatu. Kwa mitaala hiyo shule ya msingi ni ya miaka sita, si saba kama tulivyozoea. Basi mtoto aliyeingia darasa la tatu mwaka huo wa 2024 atafika darasa la sita mwaka wa 2027, na hapo atakuwa amemaliza. Lakini ndugu yake aliyemtangulia kwa darasa moja, yule aliyekuwa darasa la nne mwaka 2024, yeye yumo bado katika utaratibu wa zamani. Atasoma mpaka darasa la saba, naye atamaliza mwaka uo huo wa 2027. Maana yake ni kwamba watoto wa madarasa mawili watatoka shule ya msingi kwa mlango mmoja, na Januari 2028 watabisha hodi pamoja katika kidato cha kwanza.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito wa hilo la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, yasema ya kwamba elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Zamani mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba alirudi nyumbani akashika jembe au akafuata ng'ombe, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza. Makusudi ya sasa ni kwamba mtoto asiishie njiani. Ni makusudi mema, nasi twayafurahia. Walakini makusudi mema hayana paa la kumkinga mtoto na mvua.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Mambo haya ni makubwa, ni ya Dodoma, mimi yanihusu nini?" Basi natufanye hesabu ndogo ya kata moja, kwa mfano tu. Tuseme kata ina shule nne za msingi, na sekondari moja. Kila shule ya msingi ina watoto 60 katika darasa la saba na watoto 70 katika darasa la sita. Darasa la saba peke yake ni watoto 240. Kipimo cha sekondari ni wanafunzi 40 kwa chumba kimoja, kwa hiyo watoto hao wataka vyumba 6. Lakini ukiongeza watoto 280 wa darasa la sita, jumla ni 520, nao wataka vyumba 13. Sekondari iliyozoea kupokea vyumba 6 vya watoto itaambiwa ipokee 13 katika juma moja.

Tena mtu asidhani ya kuwa shida hii ni ya mwaka mmoja, kisha ipite kama nzige. Kundi hili kubwa litakuwa kidato cha kwanza mwaka 2028, cha pili mwaka 2029, cha tatu mwaka 2030, na cha nne mwaka 2031. Kwa miaka minne litapita katikati ya shule kama mbuzi mzima katika tumbo la chatu. Anayesema, "Wakae chini ya mwembe mwaka huu, mwakani tutaona," hajui hesabu.

Si mara ya kwanza kwa nchi yetu kupokea watoto wengi kwa ghafula. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Wazee wengi mnaotusikiliza mnakumbuka jinsi vijiji vilivyofyatua matofali na kukata miti, na jinsi vijana waliomaliza darasa la saba walivyofanywa walimu huku wakiendelea kujifunza kazi. Kadhalika ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto waliokuwa kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 walizidi milioni 7 ilipofika mwaka 2005. Tena mwaka 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne, madarasa ya kwanza yalifurika. Kila mara watoto walitangulia, na vyumba vikafuata nyuma vikihema.

Lakini safari hii kuna tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Safari zile hatukujua ni watoto wangapi watakaokuja, maana walitoka majumbani na mashambani. Safari hii watoto wenyewe wamo madarasani mwetu. Majina yao yameandikwa katika daftari la mahudhurio, na mwalimu huwaita kila asubuhi. Hapana kijiji kinachoweza kusema, "Hatukujua."

Twaomba ruhusa tuwasimulie kisa kimoja, maana hesabu peke yake haiugusi moyo. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tungali wageni katika kazi ya ualimu, tulikuwa na mwanafunzi mmoja mwepesi wa hesabu kupita wenzake. Alifaulu mtihani wake. Lakini vyumba vya sekondari havikutosha, akaambiwa angoje awamu ya pili. Januari ikapita, akangoja. Februari ikapita, na kila alipotuona njiani alituuliza, "Mwalimu, bado?" Nasi tulimjibu, "Bado kidogo, mwanangu." Mwezi wa Machi mjomba wake alimchukua kwenda naye kuchoma mkaa. Barua ya nafasi yake ilifika mwezi wa Aprili, nasi tukaipeleka nyumbani kwao kwa mkono wetu. Mama yake aliipokea, akaikunja vizuri, akaitia katika sanduku. Mtoto hakurudi. Alikwisha kuonja fedha, na tena aliona haya kuingia darasani nyuma ya wenzake. Hakukosa akili wala bidii, wala wazazi wake hawakumkataza. Alikosa chumba kwa miezi mitatu, basi.

Tangu siku ile tumejifunza ya kwamba mtoto si gunia la mahindi, ambalo likikosa nafasi ghalani leo laweza kungoja kesho. Mtoto akiambiwa angoje, dunia humpa kazi nyingine.

Wengine watasema, "Serikali itajenga." Ni kweli, hujenga, nasi tumeona. Mwaka 2021 Serikali ilijenga vyumba 15,000 katika muda wa miezi michache, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kwa fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Na Januari 2022 waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia pamoja bila kungoja awamu ya pili. Hiyo ni sifa, nasi hatuifichi. Lakini katika siku zile tuliona jambo jingine pia. Kijiji kilichokuwa na kiwanja kisicho na ugomvi, kilichokwisha kusogeza mawe na mchanga, kilimaliza mapema. Kijiji kilichoanza kugombania kiwanja siku fedha zilipofika, kilikuwa kingali kikigombana wenzake wakipiga rangi. Fedha ya Serikali ni kama mvua: hunyesha kwa wote, lakini huvuna yule aliyekwisha kulima.

Basi tufanye nini? Twaona mambo matano.

La kwanza ni kuhesabu. Kamati za shule za msingi zote za kata moja na zikutane na Bodi ya sekondari, kila mwalimu mkuu aje na idadi yake, na hesabu ile iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ofisi ya kijiji, kila mtu aione. Vivyo hivyo ihesabiwe choo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Chumba cha darasa kisicho na choo ni nusu ya kazi.

La pili ni maboma. Kijiji kilichozoea kupandisha boma mpaka usawa wa lenta, kisha kikaomba bati na saruji ya kumalizia, kisingoje mwezi wa Novemba 2027. Mvua zikianza hapana gari la mchanga litakalopita. Wala tusisahau vyumba tulivyo navyo. Januari 2028 hakutakuwa na darasa la saba katika shule za msingi za Serikali; kwa hiyo kila shule itabaki na chumba kitupu, pengine viwili. Watoto wa darasa la awali wasomao barazani watapata pa kuingia. Na mahali ambapo sekondari ni mbali sana, wazee na wakaguliwe pamoja na viongozi wa elimu, waulize kama vyumba hivyo vyafaa kuwa shule shikizi kwa muda.

La tatu ni njia. Hao watakaotoka darasa la sita watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko wale tuliozoea kuwapeleka. Kijana wa miaka kumi na minne aweza kutembea saa mbili na kuvuka mto. Je, binti wa miaka kumi na miwili? Twajua sote ya kuwa penye shule ya mbali wazazi huwapangia watoto chumba karibu na shule, wakae peke yao, na twajua sote yanayowapata mabinti humo. Afadhali kijiji kijenge hosteli moja ndogo yenye mama mlezi, kuliko kuwa na vyumba ishirini vya kupanga visivyo na mlinzi.

La nne ni nyumbani. Ada imefutwa, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikufutwa. Kuna nyumba zenye mtoto wa darasa la sita na mwingine wa darasa la saba, na huyo baba au mama atanunua sare mbili siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Aliye katika kikundi cha kuweka akiba, aweke jina la kila mtoto kando. Asiye na kikundi, atenge kuku wawili au debe moja la mahindi kila msimu, na asiliguse hata kwa arusi.

La tano ni kujua. Sekondari ya sasa ina njia mbili: mkondo wa jumla, na mkondo wa amali, ambamo mtoto husoma pamoja na kujifunza kazi ya mikono kama ujenzi, kilimo au ufundi. Wazazi wengine husikia neno amali wakadhani ni mahali pa watoto wasio na akili. Si hivyo hata kidogo. Fundi aliyejenga nyumba yako isianguke hakukosa akili. Nendeni mkawaulize walimu ni mkondo gani unaofundishwa katika shule yenu, msije mkaambiwa na watu wa sokoni.

Nanyi vijana mlioko shuleni, tuna neno kwenu pia. Ninyi wa darasa la mbele, msiwadharau wadogo zenu mtakaoketi nao dawati moja kidato cha kwanza, mkisema, "Sisi tulisoma miaka saba." Ninyi wa darasa la nyuma, msiwaogope kaka na dada zenu. Mlango ni mmoja, na mwalimu atawafundisha wote somo lile lile. Yule ajuaye amwonyeshe asiyejua.

Mabibi na mabwana, wakati wetu umekwisha. Kesho asubuhi, mkipita karibu na shule yenu, simameni kidogo nje ya dirisha wakati mwalimu anapoita majina. Sikilizeni jinsi watoto wanavyoitikia mmoja mmoja. Kila sauti itakayosema, "Nipo, mwalimu," yataka mahali pa kuketi. Nasi twapenda mama yeyote asije akaikunja tena barua ya mtoto wake na kuitia sandukuni.

Kwaherini, mlale salama.