Boti ya Doria na Mstari wa Ziwani

Msikilizaji wangu, wiki hii kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya kinatimiza mwaka mwingine tangu kizinduliwe pale Liwatoni, Mombasa, Novemba 2018. Nilikusudia kuisimulia Doria, ile meli yao iliyoundwa Bangladesh. Lakini kuna ujumbe kutoka Muhuru Bay, huko Ziwa Victoria: "Wakituletea boti za kasi huku kwetu, watatukomboa wavuvi wa Migingo?"

Ndugu yangu, swali hilo la nguvu za boti ziwani lina zaidi ya miaka mia. Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipotimuliwa Kisii wakateremka hadi Karungu, hapo hapo Migori. Waingereza wakatuma Winifred, meli ya abiria na mizigo kutoka Kisumu. Ikaingia ghuba ya Karungu, ikamkuta nani? Muansa ya Wajerumani! Kimeli kidogo cha kuvuta vyombo, lakini kimefungwa silaha! Winifred, kubwa vile, ikageuza. Ilirudi baadaye pamoja na Kavirondo, chombo kingine cha Waingereza, na hapo ndipo Muansa ikaondoka. Naipenda sana Muansa: kimeli kile kiliifukuza Winifred!

Lakini Muansa ilimjua adui wake na ilijua mipaka ya vita. Nahodha wa doria leo anajua nini saa nane za usiku, mbele yake maji matupu?

Mpaka wa Kenya na Uganda upo. Amri ya kikoloni ya 1926 inautaja: mstari unapita ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, jirani ya Migingo, ukapanda kaskazini hadi ncha ya magharibi ya Ilemba, kisha Kiringiti. Ndizo Remba na Ringiti, watu wa Homa Bay, visiwa vyenu hivyo! Migingo iko mashariki ya mstari huo, kama nusu kilomita tu. Ni jiwe la nusu eka, lenye mabati ukuta kwa ukuta, na liko Kenya.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Samaki mbuta hakai kwenye jiwe. Mvuvi akitoka Migingo kuelekea magharibi, injini ikinguruma dakika chache tu, yumo Uganda. Ndiyo maana Mei 2009 Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, akashikilia kwamba maji ni ya Uganda. Boti ya kasi ikivuka mstari kumfuata mvuvi aliyekamatwa na Uganda, imeingia nchi ya watu.

Kwa hiyo jibu langu, Muhuru Bay: boti zije, hasa za kuokoa watu dhoruba inapowapata. Ila kabla ya injini kubwa, serikali zote mbili ziweke maboya yenye taa kutoka Pyramid hadi Remba, na zikubaliane leseni ya pamoja ya uvuvi.

Nina simu ya Mbita hapa. Karibu, mama, anasemaje mwenye nyavu?