MLANGO WA MAKTABA NA KALAMU YA KARANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya tamasha la fasihi lililofunguliwa katika maktaba za mji wa Nairobi. Twashukuru kwa heshima hiyo, nasi tutajitahidi tusiwachoshe, kwa kuwa twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka ofisini moja kwa moja na chai hamjanywa.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2022 shirika liitwalo Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Bibi Wanjiru Koinange na Bibi Angela Wachuka kwa nia ya kuzitengeneza upya maktaba za mji, lilifanya tamasha la fasihi la Nairobi. Watunga vitabu na wasomaji walikutanishwa katika maktaba tatu za umma: ile ya McMillan iliyo katikati ya mji, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo upande wa mashariki wanakokaa watu wa mishahara ya kadiri kama sisi.

Labda mwanachama atauliza, Ya nini chama cha watumishi wa serikali kujishughulisha na sherehe ya washairi? Hilo ni swali la haki, na twaomba kulijibu.

Kwanza, yatupasa kuujua mlango uliofunguliwa. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Iliyojengwa na Bibi Lucie McMillan kwa ukumbusho wa mumewe, Bwana William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Ni jengo la fahari, lenye ngazi pana na nguzo za mawe. Walakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo mpaka mwaka 1958. Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu: ni miaka 27. Mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa mwaka ule maktaba ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto, siku aliyopewa ruhusa ya kuketi humo na kufunua kitabu.

Katika miaka hiyo walikuwako makarani Waafrika waliojua kusoma na kuandika vizuri. Waliaminiwa kuandika barua za serikali, kutunza majalada na kutafsiri maneno barazani. Lakini ruhusa ya kusoma kitabu katika nyumba ile hawakuwa nayo. Hatusemi hayo ili kuchochea uchungu wa kale. Twayasema ili tujue thamani ya kitu kilichowekwa mikononi mwetu, maana mrithi asiyejua bei ya shamba huliacha likaota magugu.

Hata hivyo wazee wetu hawakukaa wakilia mlangoni. Walisoma magazeti kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti na kumi wakisikiliza. Walisoma Mambo Leo lililotoka Dar es Salaam tangu mwaka 1923, na Baraza lililoanza kutoka Nairobi mwaka 1939. Mwaka 1948 ilipoundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, kazi yake mojawapo ilikuwa kupeleka masanduku ya vitabu vya kuazima katika miji na vijiji, hata mtu aliyekaa mbali aweze kusoma. Waliambiwa mlango umefungwa, wakatafuta dirisha.

Pili, yatupasa kuijua kalamu yetu wenyewe. Sisi huandika kutwa, lakini maneno tuyaandikayo si yetu. Twaandika kwamba barua imepokewa, kwamba jambo linaangaliwa, kwamba mwombaji asubiri. Jioni twaweka kalamu chini, na mkono uliochoka hudhani kwamba haujui kuandika neno lingine.

Basi na tumkumbuke mwenzetu mmoja. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika wilaya ya Tanga na kufariki mwaka 1962, aliingia kazi ya serikali mwaka 1926, akawa karani katika idara ya forodha ya Tanganyika. Alikuwa na mkubwa wake, saa zake za kazi na mshahara wake wa mwisho wa mwezi, kama sisi. Kalamu iliyomlisha ni ile ya forodha. Kalamu iliyomwachia jina ni ile aliyoishika baada ya kazi. Leo vitabu vyake husomwa na watoto shuleni, na hati alizoziandika kwa amri ya ofisi hakuna azitajaye. Hatumtaji ili kila mmoja wetu ajidhanie mshairi. Twamtaja ili pasiwe na karani atakayesema kwamba tamasha la fasihi ni jambo la watu wengine.

Ndugu wanachama, wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo twaujua sana katika hesabu za fedha. Lakini watu nao wana mali isiyokuwa fedha: habari za mitaa yao, kazi za wazee wao, lugha zao, hekima yao. Daftari la mali hiyo ni kitabu, na nyumba ya kuliwekea ni maktaba.

Sasa twaja kwenye neno lililo zito kwetu. Mlango uliofungwa kwa amri hufunguliwa kwa amri, nao ulifunguliwa mwaka 1958. Bali kuna kufungwa kwa namna nyingine, kusiko na kibao wala askari. Ikiwa maktaba hufungwa saa ile ile tutokayo ofisini, kwa mtu wa kazi imefungwa. Ikiwa msomaji wa Kiswahili ataingia akute rafu baada ya rafu na kitabu cha lugha yake asikione, naye atarudi nyumbani asirejee tena. Na ikiwa sisi wenyewe twapita mbele ya ngazi zile kila siku tukidhani ni nyumba ya wakubwa, basi tumejifungia wenyewe. Tamasha la siku chache haliwezi kuyatengeneza hayo. Tamasha ni ngoma ya kuwaita watu. Wakiisha kuja, kazi ni yao.

Kwa hiyo twaweka mambo matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, chama kiandike barua ya adabu kwa serikali ya kaunti, ambayo maktaba hizi ziko chini yake, kuomba saa za jioni na za Jumamosi ziangaliwe kwa faida ya watu wa kazi, na fungu la fedha la kununulia vitabu vya Kiswahili lisisahauliwe. La pili, kila tawi liwe na sanduku lake la vitabu vya kuazimana, kwa mfano wa yale ya Idara ya Vitabu, na daftari lake litunzwe sawasawa; nani atakayetunza daftari kuliko sisi? La tatu, kila mwanachama aandike angalau ukurasa mmoja juu ya kazi yake, mtaa wake au mzee amjuaye, na kurasa hizo zikusanywe na kuhifadhiwa.

Hayo si makubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Twaliona jambo moja tu kuwa aibu: kwamba walionyimwa mlango walisoma, nasi tuliofunguliwa tupite tukitazama pembeni.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Twaomba mambo haya matatu yajadiliwe kabla mkutano haujafungwa.