Picha ya kubandika: kwa pikipiki na kwa ngozi ya mtoto

Haya ni maneno tuliyowapa vijana wetu waliorudi toka Nyarugusu, ambao sasa wanaomba mkopo wa kuanzisha kazi ya stika. Tunayaandika hapa kwa sababu pesa ya mkopo ni yetu sisi wote, na mutu hawezi kukubali kitu asichokielewa.

Tuanze na stika ya pikipiki, ile otokolani ya kawaida. Chini kabisa iko karatasi iliyopakwa silikoni, ili gundi isiishike sana. Juu yake gundi, kisha plastiki nyembamba ya vinili, kisha wino, na mwisho plastiki nyingine isiyo na rangi, ya kukinga jua na mikwaruzo. Mashine inakata kwa kuzunguka mchoro: kisu kinapasua vinili, lakini karatasi ya chini kinaiacha nzima. Kwa herufi tupu, kama jina la mtumbwi, hata wino hauhitajiki. Munakata vinili ya rangi, munaondoa mabaki, basi.

Ya ngozi, ile watoto wanayolowesha na maji, inaenda kinyume. Karatasi inapakwa kwanza kitu kinachoachia kikilowa. Juu yake wanachapa picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, maana itabandikwa kifudifudi. Rangi zinatangulia, nyeupe inafuata nyuma yake, ndiyo zionekane vizuri hata kwenye ngozi yetu nyeusi. Mwisho gundi, na plastiki ya kuifunika. Mtoto anabandua plastiki, anabandika, analowesha mgongo wa karatasi kama nusu dakika; karatasi inateleza, picha inabaki. Baada ya siku chache inatoka yenyewe, au munaifuta na mafuta.

Hapo ndipo tunaomba musikilize vizuri. Printa ya ofisi inaweza kutoa picha nzuri, lakini wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Gundi ya stika nayo ni hivyo hivyo. Kule Marekani, sheria inadai rangi za picha hizi ziwe zimekubaliwa kwa vipodozi. Tena musichanganye na hina nyeusi inayotiwa dawa ya kupaka nywele: ile inaweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.

Kijana mumoja alituuliza: "Picha ndogo vile, iko na ubaya gani?" Tulimujibu: pikipiki ikipata wino mubaya, rangi inapauka tu. Mtoto akipata wino mubaya, ngozi inavimba, na mama yake hatauliza jina la kijana aliyeichapa. Atauliza jina la chama.

Kwa hiyo tunapendekeza mkopo uanze na vinili. Wateja wako hapa hapa: pikipiki, mitumbwi, milango ya maduka. Ya ngozi ingoje mpaka tupate wino na gundi vyenye maandishi yanayoonyesha viko na nini ndani na kwamba ni vya ngozi.

Nanyi wafadhili, kabla ya kutuma mashine, tuulizeni kwanza wino wake tutaununua wapi na kwa bei gani. Mashine bila wino ni sanduku tu.