Simu za Namba Ngeni na Pesa za Kikundi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Asembo Bay. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Tunawashukuru kwa kuja, maana tunajua jua la leo ni la kuanika omena na kila saa mnayokaa hapa ni pesa. Hatutawachelewesha.

Tunataka kuzungumza juu ya simu. Si simu ya mtoto wako aliyeko Nairobi, wala ya mnunuzi wa samaki wa Kisumu. Ni ile simu inayolia wakati mikono ina magamba, namba huijui, na mtu anakuita kwa jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtu akikuita hivyo, unasimama wima, si ndiyo?

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Si vizuri kufundisha wengine huku tumeficha aibu yetu. Kikundi kimoja katika hivi vyetu kilikuwa karibu kugawana akiba ya mwaka, shilingi 38,400. Pesa hiyo ilikuwa imelala kwenye laini ya mweka hazina, kwa sababu benki iko mbali na nauli ya kwenda Bondo na kurudi inakula akiba yenyewe. Asubuhi moja ikaingia meseji kwamba amepokea shilingi 4,500. Hata dakika haijaisha, simu ikalia. Mwanamume, sauti ya upole, Kidholuo safi. "Mama, nimekosea namba. Hiyo ni pesa ya mtoto yuko hospitali. Nionee huruma unirudishie."

Mama akarudisha. Hakuangalia salio. Angeangalia, angeona hakuna kitu kilichoingia.

Baadaye kidogo ikaja simu ya pili. Huyu alisema ni wa kampuni ya simu, kwamba pesa imerudishwa vibaya na laini itafungwa saa hiyohiyo. Akamwongoza pole pole: bonyeza hapa, andika tarakimu hizi, sasa weka namba yako ya siri. Mama alidhani anaokoa laini yake. Kumbe alikuwa anatuma pesa ya kikundi kwa mikono yake mwenyewe. Simu ilipokatika, salio lilikuwa shilingi 12.

Sasa sikieni sehemu iliyotuuma zaidi. Mama huyu alinyamaza wiki mbili. Siku ya tano ya ukimya wake, sauti ileile ilimpigia mwandishi wa kikundi, hadithi ileile ya mtoto na hospitali, na mwandishi naye akatuma 4,500 kutoka mfukoni mwake. Tulipomwuliza mweka hazina kwa nini hakusema, alijibu, "Mngesema nimekula." Na ni kweli, tungesema. Siku alipofungua mdomo tulimsema vibaya sana, hata wengine wetu hapa mbele. Yule mwizi alikuwa na orodha yetu mkononi na alikuwa akishuka nayo jina kwa jina, na sisi tulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, naye alituogopa sisi kuliko alivyomwogopa mwizi.

Mnauliza alipata wapi majina. Tumefikiri sana juu ya hilo. Kwanza, M-Pesa humwonyesha anayetuma jina la anayetumiwa kabla hajathibitisha, ili asikosee. Ni jambo jema, limeokoa pesa nyingi. Lakini mkora naye anaweza kujaribu namba yoyote, asome jina, halafu aghairi. Kwa hiyo mtu kujua jina lako si ushahidi wa kitu chochote. Pili, tunaandika namba kila mahali: kwenye daftari la ajenti, kwenye kitabu cha wageni cha kila ofisi, kwenye matangazo ya matanga yenye namba ya mweka hazina wa harambee. Tatu, na hili linatuhusu sisi wa kamati, ni karatasi za mahudhurio. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Mkutano ukiisha karatasi inabaki mezani. Moja tuliiona sokoni Aram imefungia mandazi.

Watu husema simu hizi hutoka Kamiti, gerezani, na magazeti yametaja sana Mulot. Wapo waliokamatwa, ni kweli. Lakini watu wa Mulot wengi ni wakulima na wafugaji wanaoamka mapema kama sisi, na yule wetu alizungumza Kidholuo cha hapa hapa. Tusifikiri mwizi lazima atoke mbali.

Tuwaambie basi mambo yanavyofanya kazi. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Ukiona umetoka kwa 07 fulani, ni uongo, hata kama maneno yanafanana. Na hata ukija vizuri, angalia salio kwanza. Mtu aliyekosea namba kweli hahitaji wewe umrudishie. Yeye hutuma ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, na Safaricom wenyewe hushughulikia. Ukirudisha kwa mkono, halafu yeye naye aombe irudishwe, umelipa mara mbili. Kwa hiyo jibu lako ni fupi, bila matusi: "Ndugu, tuma kwa 456." Mwenye shida ya kweli atashukuru. Mkora atakasirika, na hapo utamjua.

Safaricom wakikupigia, hutumia namba moja tu, 0722 000 000. Na hata hao hawakuulizi namba ya siri. Namba ya mkora itume kwa 333, haitozwi kitu. Tena kuna watu hubadilisha laini ya mtu bila yeye kujua, wakachukua namba yake yote na pesa iliyomo. Ukibonyeza *100*100# unazuia hilo, mpaka wewe mwenyewe ufike dukani na kitambulisho. Na *106# itakuonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mzee mmoja wetu alikuta mbili asizozijua. Alikumbuka alimpa kijana wa laini kitambulisho sokoni, akaambiwa mtandao umekataa, rudia tena. Hizi namba za kubonyeza ni za Safaricom. Wa Airtel waulize kwa duka lao.

Matangazo ya zawadi na michezo ya bahati tusiyapotezee muda. Tuma neno STOP kwa namba iliyoleta, halafu chunga kama salio la maongezi linapungua bila sababu.

Lakini simu za mikopo ni jambo jingine. Vijana wetu huchukua mkopo kwenye simu, shilingi 2,000 au 3,000, na siku ikipita wenye mkopo wanawapigia watu wote waliomo kwenye simu yake. Dani wa miaka sabini anapigiwa saa mbili usiku aambiwe mjukuu wake ni mwizi. Yeye hajatia sahihi popote! Wengi wetu tumelipa kwa aibu tu. Jueni kwamba hamkuwa na deni. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kusumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Hayo si maneno ya karatasi tu. Aprili 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Whitepath shilingi milioni 5 baada ya malalamiko ya namna hii, na Septemba mwaka huohuo Mulla Pride ikatozwa shilingi 2,975,000. Walalamikaji walikuwa watu wa kawaida waliohifadhi meseji. Usizifute. Andika tarehe, saa na namba iliyopiga, na hapa kwenye kamati tutakusaidia kupeleka malalamiko. Sheria inasema yamalizike ndani ya siku 90.

Tunajua ugumu wetu uko wapi. Sisi hatukati simu. Zamani habari ya msiba ilikuja kwa redio, kwenye matangazo ya vifo, na hakuna aliyezima redio katikati. Leo inakuja kwa namba ngeni, na ukikata unaogopa, pengine ni mtu wa kwetu amelazwa Kisumu. Basi pokeeni. Sikilizeni. Lakini likitajwa neno pesa, sema, "Nitakupigia," ukate, umwulize mtu aliye karibu. Kifaa chenyewe tunakiita mulika mwizi, na huyu mwizi hakimuliki hata kidogo.

Kwa upande wa vikundi, tumekubaliana hivi na tunawaomba mfikirie. Pesa ya kikundi isilale kwenye laini ya mtu mmoja zaidi ya siku ya mkutano. Nauli ya kwenda benki ilipwe na kikundi, ni rahisi kuliko 38,400. Na yeyote atakayetapeliwa aseme siku hiyohiyo, atapigiwa kila mwanachama simu kabla jua halijatua, na hakuna atakayemwuliza umekulaje. Mweka hazina wetu bado ni yuleyule. Tumemwachia kazi, na kusema kweli sasa ndiye mkali kuliko wote. Ukimpigia kwa namba mpya anakuuliza jina la mama yako.

Jambo la mwisho. Leo mlipoingia mliandika majina tu, bila namba. Zile karatasi za zamani tumezikusanya, ziko kwenye kile kikapu pale mlangoni. Vijana wawili watusaidie kuzichoma kabla hatujanywa chai.